Kicheko cha Zege

Kijiwe cha Chokocho ni ukuta mfupi wa saruji mbele ya duka lililofungwa zamani, pale njia inapoanza kuteremka kwenda diko, boti zinapofungwa. Aliyeujenga ni fundi Haidar, ambaye kila mtu anamwita Zege. Aliujenga siku moja bila kuagizwa wala kuulizwa, alipochoka kuwaona wenzake wamekalia matofali. Zege hasemi, hacheki, hakasiriki. Ukimkanyaga kidole anakutazama mpaka uone haya uutoe mguu mwenyewe. Nafasi yake ni ile ya mwisho, inayotazamana na dirisha la nyumba yake ng'ambo ya njia, na dirisha hilo ndilo lililokuwa na ulimi kwa niaba ya nyumba nzima. Mkewe, Mwanawema, alikaa hapo akisuka ukili wa mikeka tangu asubuhi, na mtu yeyote akimuuliza Zege neno, jibu lilitoka dirishani: "Mtilieni kimoja tu! Kashata hataki, jino linamsumbua!" Asubuhi hii dirisha limefungwa, nafasi ya Zege ni tupu, na Mzee Safari amelitua dele lake la kahawa juu ya jiko la makaa bila kuvigonga vikombe, kwa sababu vikombe vya kahawa havigongwi mahali penye msiba. Tabu ni kuwa msiba wenyewe haupo tena. Umehamishwa.

Nyange ndiye aliyefika wa kwanza na ndiye aliyekuwa kimya kuliko wote, na Nyange kunyamaza ni jambo la kuitiwa watu. Wanamwita Mapazia, maana ujana wake wote aliumalizia kwenye maigizo, akicheza wake wakorofi na makadhi viziwi, na mpaka leo akiingia mahali utadhani kuna mtu amemfungulia pazia. Leo alikaa ukingoni, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, anatazama kule chini kwenye maji kuona kama yamejaa.

Aliyevunja kimya ni Hafiz, kijana wa bodaboda, anayeitwa Bando kwa sababu maarifa yake yote yanatoka kwenye simu na yanakatika bando likiisha. Alikuwa amelala Wete, maziko yakampita.

—Hebu nielezeni polepole. Nimefika nimekuta nyumba imefungwa kwa kufuli. Sasa mtu anakwenda kutoa pole wapi?

—Kisiwa Panza, alisema Nassor, akizungusha tasbihi. Msiba umevuka na boti ya alfajiri. Mikeka, masufuria, wanawake, wote.

—Kwani marehemu amezikwa Panza?

—Amezikwa hapa hapa jana baada ya alasiri. Msiba ndio umevuka.

—Yakhe, msiba unahamaje? Ni kuku?

—Usifanye mzaha, weye hukuwepo.

Nassor huyu anaitwa Ubani. Si mganga, anaapa kuwa si mganga, ila ukimwambia kichwa kinakuuma anakuuliza jana usiku ulipita wapi. Alitazama kulia na kushoto, akashusha sauti.

—Jeneza limewekwa uani, watu wamejipanga tayari kulinyanyua. Imamu akamwita Haidar karibu, akamuuliza kama wanavyoulizwa waume wote: "Haidar, mkeo anaondoka. Uko radhi naye?" Neno lenyewe si refu. Unasema "niko radhi naye duniani na akhera," watu wanaitikia, jeneza linanyanyuliwa. Hata mimi niliyeachana na mke wangu nikiwa nimemnunia, alipokufa nilikwenda nikasema.

—Sasa Haidar akasemaje?

Ubani alirudi kwenye tasbihi yake. Walitazamana. Mwishowe alisema Mzee Safari, ambaye kwa kawaida hasemi akiwa anamimina.

—Alicheka.

—Alicheka vipi? Alitabasamu?

—Aliangua kicheko, mwanangu. Kicheko kizima. Mpaka kule ndani wanawake wakanyamaza kulia.

Hafiz alikiweka kikombe chini.

—Zege? Zege huyu huyu?

—Huyu huyu. Na kikimtoka hakitaki kwisha. Anajiziba mdomo kwa kofia, kinatokea puani. Imamu akaona aibu, akasema nyanyueni, likanyanyuliwa. Neno la radhi halikusemwa.

Sasa hapo ndipo penyewe. Shemeji yake Haidar, Khatib wa Kisiwa Panza, kaka wa marehemu, alikuwa ameshika mbele ya jeneza kushoto. Alizika, akapokea mkono wa pole, akasubiri adabu ya watu imalizike. Kisha akasema msiba wa dada yake hautakaliwa katika nyumba aliyochekewa. Alfajiri akawapandisha watu wake kwenye boti, na Safaa, binti wa pekee wa Haidar, alipanda nao bila kugeuka nyuma. Kabla ya kusukuma boti, Khatib alimwita Nyange.

—Akakwambia nini? aliuliza Hafiz.

Nyange aliisukuma kofia nyuma kidogo.

—Aliniambia, "Mapazia, weye ndiye msemaji wao. Kile alichokifanya shemeji yangu, kama si dharau, nitajie ni kitu gani. Ukikipatia jina, vuka na boti ya mchana uje unambie. Ukikikosea jina, mwambie asijisumbue kuvuka kesho. Hitima ya dada yangu tutaisoma sie wenyewe."

—Na boti ya mchana inaondoka saa ngapi?

—Maji yakijaa.

Wote walitazama chini. Maji yalikuwa yameshafika kwenye mikoko.

—Basi tatizo dogo hilo, alisema Mwalimu Ridha, akajiweka sawa kama aliyeitwa kwenye ubao. Mwalimu Ridha alistaafu skuli lakini skuli haikustaafu kwake, na jina lake ni Kamusi. Akaongeza: Neno lipo. Kiswahili hakijapungukiwa kiasi hicho.

—Litoe tuondoke nalo.

—Polepole. Kwanza tuondoe yasiyokuwamo. Si hamaki. Hamaki ni hasira ya ghafla, inawaka kama kibiriti, mtu anatukana halafu anaomba radhi. Si ghadhabu, ghadhabu inakaa. Si munkari, mwenye munkari lazima avunje kitu.

—Hakuvunja kitu, alisema Ubani.

—Amevunja msiba, alisema Mzee Safari.

Hakuna aliyecheka. Kamusi alikunywa funda moja, akaendelea.

—Hii ni fadhaa. Fadhaa inapomshika mtu anakuwa hajui aendako. Anataka kulia, anakuta mlango umefungwa, anatokea dirishani. Nimeshawahi kumuona mwanafunzi akitangaziwa amefaulu, akamzaba kofi mwenzake. Fadhaa.

—Nikamwambie Khatib shemeji yako alitokea dirishani? aliuliza Nyange.

—Umwambie fadhaa. Neno moja.

—Khatib ni mtu wa kuvua pweza, Mwalimu. Nikimwambia fadhaa ataniuliza fadhaa gani inaonesha meno.

—Mie nasema ile ni jazba, aliingilia Ubani. Kama ya dhikri. Mmeshamuona mtu anaingia kwenye dhikri mzima, kilemba kimekaa, mara inampanda, anatweta, anacheka, analia, na baadaye hajui alifanya nini. Haidar alisimama mbele ya jeneza, imamu analitaja jina la Mola, ikampanda.

—Jazba inapanda kwa mtu mwenye damu, alisema Hafiz. Zege ana saruji.

—Ndo maana imekuja na nguvu! Imekaa ndani miaka yote haina pa kutokea.

—Sasa si jazba tena, hiyo ni mimba.

Ubani alikasirika, na alipokasirika nadharia yake ikaongezeka mwendo. Akasema basi kama hawataki jazba, wawe tayari kusikia jambo lenyewe. Haidar amejenga nyumba ngapi Chokocho? Nusu ya mji. Misingi mingapi aliichinjia japo kuku? Hakuna hata mmoja. Wale wasioonekana, wenye ardhi yao chini, wamekaa wanamtazama tu, wanamtazama, mpaka siku ile amesimama uani moyo uko wazi, mmoja akaingia. Aliyecheka hakuwa Haidar.

—Alikuwa nani?

—Mwenye kiwanja.

—Kiwanja cha nani? Ile nyumba ni ya urithi, aliijenga babu yake kwa udongo!

—Basi huyo mwenye kiwanja ni mzee zaidi.

Kamusi alishika kichwa, astaghfirullah ikamtoka mara kadhaa. Hafiz wakati huo ameshatoa simu.

—Tulieni, tulieni. Nimeuliza huku. Inasema ubongo una waya wa kulia na waya wa kucheka, na zote zinapita sehemu moja. Msiba ukiwa mkubwa unapiga shoti. Sasa mie naongezea yangu.

—Usiongeze.

—Naongeza. Zege tangu kuzaliwa waya zake zimefungwa kinyume. Ndiyo maana hacheki kwenye mambo ya kuchekesha. Kwenye mambo ya kuchekesha alikuwa analia! Ndani kwa ndani! Nyie mkimuona amekaa kimya kwenye maigizo ya Mapazia, mwenzenu moyoni anabubujikwa.

—Kwa hiyo michezo yangu ilikuwa inamliza, alisema Nyange.

—Yakhe, michezo yako ilishawahi kumliza mtu mwingine, sembuse yeye.

Siku nyingine Nyange angelisimama hapo hapo, angelijitwika kanga ya kuazima na kumjibu Hafiz kwa sauti ya mama mkwe mpaka wapita njia wasimame. Leo alikunja tu midomo. Lilikuwapo jambo linalomkereketa ambalo hakulitoa. Kila mchezo alioucheza Chokocho, Zege alikuja akakaa mstari wa mbele, uso kama ukuta uliopigwa plasta jana. Nyange alimfanyia kila kitu. Alimuangukia miguuni, alimvalia bui la kanga la kujifunika uso, alijifanya amemeza filimbi. Watu wanajishika mbavu, Zege anatazama. Mkewe pembeni ndiye aliyecheka kwa ajili ya wawili, na wakati wa kutoka alikuwa akimfuata Nyange nyuma ya pazia kumliwaza: "Usivunjike moyo, Mapazia. Huyu anakwenda kucheka nyumbani. Akifika nyumbani anacheka mpaka mabati yanalia." Nyange aliiamini habari hiyo, kwa sababu mchekeshaji hana budi kuiamini. Na jana, kile kicheko kilipotoka, kikavu, kina kutu, kama mlango wa ghala, kitu cha kwanza kilichompita moyoni kabla ya haya na kabla ya huzuni kilikuwa: kumbe anacho.

—Mapazia, alisema Kamusi, weye ndiye bingwa wa vicheko. Mbona husemi?

—Nasema nini?

—Kile ulikisikia. Kilikuwa kicheko cha aina gani?

Nyange alifikiri. Alivifahamu vicheko kama mvuvi anavyoyafahamu maji: cha kubembeleza, cha aibu, cha mtu aliyechelewa kuelewa, cha mtu aliyelipiwa kiingilio. Alivipanga vyote mbele yake, kile cha jana hakimo.

—Sijui.

—Hujui?

—Nakwambia sijui, Mwalimu. Kila nikikifungua nakuta ndani kimya.

Hapo pakaingia ubaridi. Hafiz akaizima simu. Ubani akanung'unika kuwa kuna neno jingine, kihoro, walisema zamani fulani amekufa kwa kihoro, na Kamusi akasema ndiyo, kihoro ni huzuni inayompiga mtu ghafla mpaka ikamuondoa, lakini kihoro kinaua, hakichekeshi. Ubani akauliza nani amewaambia Haidar hajafa. Akajuta papo hapo. Mzee Safari alilitikisa dele, likatoa sauti ya maji machache.

—Kwani leo nani amemuona? aliuliza Safari.

Kila mmoja alidhani mwenziwe ameshakwenda. Kamusi alidhani Ubani. Ubani alipita akakuta kufuli, akashukuru Mungu kimoyomoyo, maana angelimwambia nini? Nyange hakupita kabisa. Tangu boti ya alfajiri amekaa hapa hapa anatafuta jina.

—Assalaam aleikum.

Alikuwa amepandia njia ya nyuma, kutoka makaburini, mchanga umemganda miguuni mpaka kwenye vifundo. Kanzu ni ile ile ya jana. Waliitikia wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Haidar alikwenda kwenye nafasi yake ya mwisho, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. Wakampa pole, mmoja baada ya mwingine, zile pole za kuangalia pembeni.

—Nimewasikia tangu kule kwenye kona, alisema Haidar.

Hafiz alitamani ardhi imfiche pamoja na wenye ardhi yao.

—Tulikuwa tunatafuta neno la kumpelekea Khatib, alisema Kamusi. Kwa nia njema, wallahi.

—Mmelipata?

—Bado.

Haidar alitikisa kichwa kama fundi anayeambiwa saruji haijafika. Walidhani ndiyo yameisha, maana kwa Zege hayo yalikuwa maneno mengi. Lakini akaendelea, polepole, kama mtu anayetembea kwenye chumba asichokijua, hana taa.

—Imamu aliniuliza. Nilimsikia vizuri. Mie nikageuka kumtazama Mwanawema ajibu.

Haidar alijikung'uta mchanga wa mguuni, akaendelea.

—Ndivyo tulivyozoea. Mtu akiniuliza, anajibu yeye. Dukani anajibu yeye. Posa ya Safaa wamekuja watu kuniuliza mimi, kajibu yeye. Sasa nimeulizwa, nikageuka, namngojea. Nakuta jeneza. Na nikamsikia, wallahi nilimsikia, anawaambia, "Huyo mnamuuliza nini, ngojeni nimalize mshono." Nilipotaka kufungua kinywa niseme niko radhi, kikatoka kile.

Alijipangusa uso kwa kiganja, juu mpaka chini, kama anayelainisha plasta.

—Sikumcheka, alisema.

—Tunajua, Haidar, alisema Nyange, ingawa hakuwa akijua mpaka dakika ile. Na sauti yake ilitaka kumliwaza mwenzake, kwa hiyo ikaenda mahali ambapo haikupaswa kwenda: Kicheko si dhambi. Mwenyewe marehemu alikuwa akituambia unacheka. Kila mchezo. Aliniambia nyumbani unacheka mpaka mabati yanalia.

Haidar alimgeukia.

—Nani alisema?

—Mwanawema.

—Alisema mie nacheka?

—Siku zote.

Haidar aliyatafakari hayo. Ungedhani unamuona akiingia nyumbani kwake, akipita chumba kwa chumba, akirudi mikono mitupu.

—Mie sijawahi kucheka nyumbani, alisema. Hata siku moja. Alikuwa akija kutoka kwenye mchezo wako, ananirudilia wote, sauti zote, kanga kichwani, peke yake mbele ya kitanda. Halafu ananitazama. Mie namwambia zima taa.

Mzee Safari aliinamia jiko lake, akapuliza makaa yasiyohitaji kupulizwa.

—Nyie mna maneno, alisema Haidar. Nimewasikia. Mna hamaki, mna fadhaa, mna kihoro. Basi nambieni mie moja tu. Nilikuwa radhi naye. Tangu siku niliyomtoa kwao Panza mpaka jana, sijawahi kuwa na siku nisiyokuwa radhi naye. Sikuwahi kumwambia. Alijua?

Ubani aliishika tasbihi kwa mikono miwili. Hafiz aliangalia simu yake iliyozimwa, akaigeuza kifudifudi gotini. Kule diko mtu aliwasha mashine ya boti, ikakohoa, ikazimika, ikawashwa tena.

—Haidar, alisema Mzee Safari, kwa sababu mtu wa kahawa hana la kumpa mtu ila kahawa. Limebaki funda la kikombe kimoja. Nikutilie?

Na Haidar akageuka kulitazama dirisha.

Walimuona wote. Na wote wakageuka naye, watu wazima watano na kijana mmoja wamekaza macho kwenye mbao mbili zilizofungwa na ukili mmoja uliobaki umening'inia nje, haujamalizika. Walingoja. Wallahi walingoja.

Nyange alisimama. Hakujua kama amesimama. Sauti ile alikuwa nayo, aliiigiza mara ngapi kwenye kijiwe hiki hiki, na mwenyewe dirishani akimtupia ganda la ndizi. Alijaza kifua, akaweka mkono kiunoni, akanyanyua kidevu kama Mwanawema hasa, akafungua kinywa aseme mtilieni kimoja tu, kashata hataki.

—Mtilieni...

Kilichofuata hakikuwa maneno. Kilimtoka kwa nguvu, kikamkunja kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, kofia ikaanguka, akashika ukuta. Mbuzi waliokuwa njiani wakakimbia. Kamusi, mwenye neno kwa kila jambo, alitazama pembeni. Ubani hakumtaja aliyeingia. Nyange alilia kwa sauti, pale pale njiani, mchana kweupe, kama anavyolia mtoto aliyeachwa sokoni.

Haidar alinyanyuka, akaiokota kofia, akaipiga vumbi kwenye paja lake. Alimvalisha. Mkono wake mzito, wenye nyufa za saruji, ulibaki juu ya kichwa cha Nyange kwa muda.

—Basi, Mapazia, alisema. Basi.

Kisha akamgeukia Mzee Safari.

—Mtilie huyu. Mie sihitaji. Jino linanisumbua.

Safari aliliinamisha dele mpaka masimbi ya kahawa ya chini yakatoka. Nyange alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa nusu, nusu ikamwagikia kanzu. Mashine ya boti sasa ilikuwa inanguruma bila kukohoa, na mtu alikuwa akiita Panza, Panza, wa mwisho.

Haidar alishaanza kuteremka kwenda diko. Alitembea bila haraka, na alipofika kwenye kona alisimama akageuka, kuona kama wanakuja.